Nyumba Kongwe za Dar es Salaam: Kutafuta Chanzo cha Kila Dalili Kabla ya Kununua

Nyumba nyingi za Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilianza kujengwa katika miaka ya 1970, serikali ilipopima viwanja na kuviwekea huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wenye viwanja walijenga kadiri mfuko ulivyoruhusu: vyumba viwili kwanza, sebule baadaye, banda la uani likafuata, na miaka ilivyokwenda wapo walioongeza ghorofa juu ya msingi ambao haukupigiwa hesabu ya ghorofa. Kwa hiyo mnunuzi wa leo anapooneshwa nyumba moja yenye rangi moja, mkaguzi anaona majengo mawili au matatu yaliyoshikana, kila moja na umri wake, fundi wake na kina chake cha msingi. Dalili ileile, iwe ufa au doa la maji, inaweza kuwa na chanzo kinachomalizwa kwa ndoo ya plasta, au chanzo kinachodai ukuta mzima uvunjwe. Kutofautisha viwili hivyo ndiyo kazi ya ukaguzi.

Kwa kawaida ukaguzi wa namna hii hufanywa na mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, akishirikiana na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Ripoti ya mthamini ambayo benki huidai kabla ya kutoa mkopo haichukui nafasi yake, kwa kuwa mthamini hueleza nyumba ina thamani gani sokoni. Hatazamiwi kupanda darini, kufungua chemba za maji taka, wala kueleza kwa nini mlango wa jikoni haufungi. Ikiwezekana, nyumba itembelewe mara mbili, na mara moja kati ya hizo iwe wakati wa mvua. Masika, kati ya Machi na Mei, hufichua kwa saa moja yale ambayo kiangazi huyaficha kwa miezi, na dalali mwenye uzoefu analijua hilo pia.

Rangi mpya mahali pamoja

Nianze na dalili ambayo wanunuzi wengi huiona kuwa uzuri. Kupaka rangi nyumba inayouzwa ni jambo la kawaida na halimtii mtu hatiani. La kuuliza ni kwa nini imepakwa hapo tu: chumba kimoja kati ya vinne, nusu ya chini ya ukuta kwa rangi ya mafuta, kipande kimoja cha dari, au vigae vipya vilivyopandishwa hadi kiunoni katika sebule ambayo haina maji yanayoruka. Mkaguzi makini huyachora mabaka hayo kwenye ramani ya nyumba kabla ya kupima chochote, kisha huanza kupima hapo.

Nyufa ukutani

Ufa husomwa kwa mwelekeo wake, upana wake, mahali unapoanzia na kama bado unakua. Nyufa nyembamba zilizotapakaa kama utando wa buibui, zisizo na mwelekeo na zisizopita plasta, kwa kawaida hutokana na plasta iliyozidishiwa saruji au iliyokaushwa na jua kabla ya kumwagiliwa maji. Hizo hazina madhara kwa jengo. Ufa wima ulionyooka kando ya nguzo ya zege unaonyesha kwamba zege na tofali vinatanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na hapo pangewekwa wavu wa chuma kabla ya plasta. Nao hauhitaji hofu, ila mnunuzi ajue kwamba ukizibwa kwa plasta tupu utarudi.

Ufa wa mlalo unaotembea chini kidogo ya paa la zege huonekana sana kwenye nyumba za zamani zenye paa bapa. Zege la juu linapigwa na jua mchana kutwa, linatanuka, linausukuma ukuta, kisha usiku linarudi. Kama ufa huo una upana uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho na upo upande unaopigwa na jua zaidi, joto ndilo linaloshukiwa kwanza. Kama upana wake unaongezeka upande mmoja, au ukuta umetoka nje ya wima ukipimwa kwa timazi, mhandisi aangalie msingi na uzito uliowekwa juu. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, na mara nyingi huwekwa paliporahisi kufikisha bomba, si palipo na nguzo.

Nyufa za mshazari ndizo zinazostahili muda mwingi kuliko zote. Huanzia pembe ya dirisha au mlango, hupanda au kushuka kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, na mara nyingi hueleza kwamba sehemu ya jengo imeshuka. Upana husaidia kujua ni sehemu gani: ufa uliopanuka zaidi juu kuliko chini unaashiria kwamba ncha ya jengo ndiyo inayozama, na uliopanuka zaidi chini unaashiria kwamba katikati ndiko kunakozama. Kisha mkaguzi hutoka nje na kutazama kilichopo karibu na sehemu hiyo. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imekaa juu ya mchanga, na mchanga haujambo mpaka maji yaanze kuuhamisha. Kwa hiyo bomba linalovuja chini ya ardhi, chemba iliyopasuka au maji ya paa yanayoanguka mahali pamoja huchimba chini ya msingi taratibu. Kibaha hali ni nyingine. Huko kuna udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyufa zake hufunguka na kufunga kufuata majira. Ufa unaozidi kupanuka bila kufunga, mwaka hadi mwaka, ni wa kuzama. Ufa unaopumua kwa msimu ni wa udongo.

Chanzo kingine, ambacho kwa nyumba za viwanja vya zamani nakiweka mbele ya vyote, ni maungio kati ya nyumba ya kwanza na nyongeza. Nyumba ya kwanza imeshatulia miaka mingi. Nyongeza ilianza kutulia siku ilipojengwa, mara nyingi juu ya msingi mfupi zaidi. Ufa wima unaofuata maungio hayo kuanzia sakafuni hadi darini, huku pande zote mbili zikiwa hazina ufa mwingine, unaweza kuachwa kama maungio ya kudumu yaliyofunikwa vizuri. Ukiona nyufa za mshazari ndani ya nyongeza yenyewe, hesabu yake ni tofauti.

Kuhusu upana, wahandisi wengi hutumia uainishaji uliotoka Uingereza: chini ya milimita 1 ni suala la mpaka rangi, hadi milimita 5 ni la kuziba, na milango huenda ikawa imeanza kubana, kati ya milimita 5 na 15 ukuta unahitaji kufunguliwa na kurekebishwa, zaidi ya hapo, hadi milimita 25, sehemu ya ukuta inaweza kulazimika kujengwa upya, na kupita milimita 25 uimara wa jengo lenyewe uko mashakani. Kipimo hicho kinaeleza madhara yaliyokwisha kutokea, na hakielezi kama yataendelea. Njia ya uhakika ni kuweka alama pande mbili za ufa na kupima kwa miezi, muda ambao muuzaji hatautoa. Kwa hiyo tazama ndani ya ufa kwa tochi. Vumbi, utando na rangi ya zamani iliyoingia ndani vinaonyesha kwamba ufa ulikuwapo kabla ya rangi kupakwa. Kingo safi na kali ni za karibuni. Na ufa uliozibwa kisha ukapasuka tena palepale kwenye kizibo bado unatembea, hata kama ni mwembamba kama unywele.

Zege linalobanduka na kuonyesha nondo

Dalili hii huonekana chini ya baraza, kwenye vizingiti vya madirisha, kwenye nguzo za uzio na chini ya paa bapa: ufa ulionyooka unaofuata nondo, doa la kahawia, kisha kipande cha zege kinaanguka. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na shinikizo hilo ndilo linalopasua zege kutoka ndani. Swali ni kilichoanzisha kutu, kwa sababu tiba hutegemea jibu lake.

Chanzo cha kwanza ni umri na zege jembamba. Zege jipya lina asili ya alikali inayoilinda nondo, lakini hewa ya kaboni dioksidi huipunguza alikali hiyo kidogo kidogo kutoka nje kwenda ndani, na fundi aliyelaza nondo karibu na uso wa zege ameifupishia nyumba miaka. Mhandisi hupima kwa kuvunja kipande kidogo na kukinyunyizia kemikali ya fenolifthalini: panapogeuka waridi pana alikali bado, pasipobadilika rangi pamekwisha. Chanzo cha pili ni chumvi. Msasani, Oysterbay, Kunduchi na Kigamboni hupata upepo wa bahari, na wapo waliojengea mchanga wa ufukweni au maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi ikiwa imechanganywa ndani ya zege tangu mwanzo, kubandika saruji mpya juu ya kidonda hakusaidii, kwa kuwa kutu huhamia pembeni mwa kiraka. Chanzo cha tatu, na chepesi zaidi, ni maji yanayotuama juu ya zege hilo kwa sababu mfereji umeziba. Hapo madhara huwa sehemu moja tu.

Kabla ya kuondoka, gonga zege lote kwa nyundo ndogo, hata lile linaloonekana zima. Mlio mtupu ni ishara kwamba limekwisha kuachana na nondo ndani. Nondo zikiwa zimeliwa kiasi cha kupungua unene unaoonekana kwa macho kwenye bimu au paa la zege, mnunuzi asikubali makadirio ya fundi wa mtaani. Mhandisi ndiye apige hesabu.

Unyevu, chumvi nyeupe na plasta inayopukutika

Unyevu una vyanzo vingi kuliko nyufa, na ndio unaogharimu wanunuzi kwa kutibiwa vibaya. Mpaka wake ndio wa kutazamwa kwanza. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huacha mkanda wa mlalo usiozidi sana mita moja kutoka sakafuni, wenye chumvi nyeupe juu yake, na huonekana pande zote mbili za ukuta. Chanzo chake ni tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, la nailoni au la lami, ambalo halikuwekwa, limechakaa, au limepitwa. Hili la kupitwa ndilo la kawaida kabisa mitaani kwetu. Barabara imeinuliwa kwa kifusi mara kadhaa, jirani ameinua kiwanja chake, mwenye nyumba naye amemwaga zege uani, na leo ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani. Kuchimba mfereji na kushusha ardhi kuzunguka nyumba kunaweza kuumaliza unyevu ambao mwenye nyumba amekuwa akiupaka rangi kila mwaka. Hata hivyo, pale ambapo kiwanja kizima kiko chini ya mtaa na maji hayana pa kwenda, kama ilivyo katika sehemu za mabondeni za Msasani na Mikocheni, hakuna fundi wa ukuta atakayelitatua; hilo ni tatizo la eneo na linapaswa kuonekana kwenye bei.

Unyevu unaoanzia juu na kushuka unatokana na paa au gata. Ulio katikati ya ukuta, wenye umbo la duara na usiojali masika wala kiangazi, ni wa bomba. Mara nyingi upande wa pili kuna bafu. Unaotokea ukuta wa upande mmoja tu baada ya mvua yenye upepo ni wa mvua inayopenya plasta iliyopasuka au kizingiti cha dirisha. Na ukungu mweusi nyuma ya kabati, kwenye chumba chenye kiyoyozi na madirisha yasiyofunguliwa, mara nyingi ni mvuke wa hewa ya ndani uliogeuka matone kwenye ukuta baridi. Ili kutenganisha mvuke na unyevu wa ukuta, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi pande zote nne na ukiache hadi kesho yake: matone yakiwa upande wa chumba, ni mvuke, yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani.

Sakafu inayobonyea

Ukigonga vigae vikatoa mlio mtupu, huenda ni gundi tu iliyoachia. Ukiona pengo kati ya sakafu na ubao wa chini ya ukuta, ilhali kuta hazina ufa, basi msingi umesimama na jamvi, yaani zege la sakafu, ndilo lililoshuka, kwa kuwa kifusi chini yake hakikushindiliwa au maji yamekihamisha. Mpira mwembamba wa maji, uleule ambao mafundi hupimia usawa wa msingi, unatosha kuonyesha tofauti ya usawa kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine. Kazi hiyo ifanywe kila nyumba, iwe dalili ipo au haipo.

Paa na dari

Panda darini mchana, uzime tochi na usubiri macho yazoee. Vitobo vya misumari na mabati yaliyoliwa vitajionyesha kwa mwanga. Doa la kahawia kwenye silingi bodi halithibitishi kwamba paa linavuja leo. Kipimo cha unyevu kikisoma pakavu baada ya mvua, ni alama ya zamani. Doa lililo chini ya tangi la darini au bomba la kiyoyozi lisihusishwe na mabati kabla ya kukagua vitu hivyo. Paa lililobonyea katikati, likitazamwa kutoka mtaani, linasema kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zimezidiwa, zimeliwa na wadudu, au mtu amekata kiungo kimoja ili kupitisha kitu.

Baadhi ya nyumba za miaka hiyo zina paa la asbesto: karatasi nene za kijivu zenye mawimbi, zisizopata kutu, zinazovunjika kama kigae. Zikiwa nzima na hazijaguswa, hatari yake ni ndogo. Hatari hupanda zinapokatwa, kutobolewa, kusuguliwa au kuoshwa kwa shinikizo, kwa sababu nyuzi zake zikivutwa ndani ya mapafu husababisha saratani, na Shirika la Afya Duniani linahesabu aina zote za asbesto kuwa na madhara hayo. Mnunuzi aingize katika bajeti yake gharama ya kuliondoa kwa utaratibu salama, karatasi zikiwa zimelowanishwa na kufungwa kwenye nailoni, na asikubali punguzo la muuzaji anayesema kijana mmoja na nyundo watamaliza kwa siku.

Mbao zilizoliwa

Njia za udongo zinazopanda ukutani au kwenye msingi ni za mchwa, na zikivunjwa kipande kikazibwa tena ndani ya siku chache, kundi lingali hai. Unga laini chini ya vitobo vidogo ni wa wadudu wanaotoboa mbao kavu, ambao hawahitaji kugusa ardhi, hivyo dawa ya udongoni haiwapati. Chomeka bisibisi kwenye fremu karibu na sakafu na kwenye ncha za kenchi zinapokaa juu ya ukuta. Fremu za mninga au mvule huvumilia sana. Fremu laini iliyoingizwa wakati wa ukarabati ndiyo huliwa kwanza.

Umeme

Zima kila kitu ndani ya nyumba, kisha itazame mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Taa yake ikiendelea kupepesa, ama umeme unavuja ama kuna mtu mwingine anayetumia, na banda la uani lililopangishwa ndilo la kuulizwa kwanza. Risiti ya umeme nayo itazamwe, kwani tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU na malimbikizo yake huonekana hapo.

Swichi inayokatika mara kwa mara ina maana tofauti kulingana na saa. Ikikatika jioni vifaa vinapowashwa vyote, mzigo umezidi. Ikikatika mvua inaponyesha, maji yanaingia kwenye taa ya nje au kwenye bomba la nyaya. Ikikatika bila mpangilio, ganda la waya limechoka. Nyaya nyekundu na nyeusi ni za mfumo wa zamani na si kosa zenyewe, lakini zikiungana na za kahawia na bluu ndani ya boksi moja, nyumba imeongezwa umeme zaidi ya mara moja na kila ungio linapaswa kufunguliwa. Fundi apime kwa volti 500 jinsi ganda la nyaya linavyozuia umeme kuvuja. Sakiti inayosoma chini ya megaomu 1 haifai. Apime pia fimbo ya ethi, inayopeleka ardhini umeme unaovuja, kwani soketi yenye tundu la tatu huwa haina waya wowote nyuma yake mara nyingi kuliko unavyodhani. Swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30, isipokuwapo, ni gharama ndogo ambayo haina sababu ya kusubiri.

Maji safi na maji taka

Maji ya kahawia asubuhi yanayong'aa baada ya dakika chache yanatoka kwenye mabomba ya chuma yaliyoshika kutu ndani ya nyumba yako. Yakibaki hivyo mchana kutwa, tatizo huenda liko kwenye tangi au nje ya kiwanja. Maji dhaifu kwenye bomba moja ni kizuizi cha hapo, na maji dhaifu nyumba nzima ni mabomba yaliyojaa kutu au tangi lililowekwa chini mno. Funga mabomba yote na uitazame mita ya maji: ikizunguka, kuna uvujaji, na hapo rudi kwenye nyufa ulizoandika.

Sehemu kubwa ya jiji haina mtandao wa maji taka, kwa hiyo nyumba hutegemea tangi la septiki na shimo la kunyonya. Fungua chemba zote kabla ya kumwaga maji. Chemba ya kwanza ikiwa kavu na choo hakishuki, kizuizi kiko ndani. Chemba zote zikiwa zimejaa, tangi limejaa au shimo halinyonyi tena. Mizizi ya mwarobaini na mkungu huingia kwenye maungio ya mabomba ya zamani, na huonekana kwa tochi. Tangi linalonyonywa kila baada ya wiki chache huenda halina tatizo la udogo tu. Pengine maji ya ardhini yako juu na yanaliingia, jambo ambalo kulipanua hakulitibu. Palipo na kisima, pima umbali wake hadi kwenye shimo la kunyonya, la jirani likiwemo: mita 30 ndicho kiwango kinachopendekezwa mara nyingi, na viwanja vingi vya zamani havitoshi hata nusu yake, hivyo maji hayo yapelekwe maabara.

Yasiyoonekana siku hiyo

Ripoti nzuri hutenga ukurasa kwa sehemu ambazo hazikukaguliwa na sababu yake: chumba kilichofungwa, dari isiyo na tundu, tangi la septiki lililomwagiwa zege juu yake. Mnunuzi aombe sehemu hizo zifunguliwe kabla ya kusaini mkataba wa mauziano. Muuzaji akikataa, gharama ya kufungua na kutengeneza ihesabiwe katika bei kana kwamba kilichofunikwa kimekwisha kuharibika.